Sikumfuata, Nilimtangulia

Mkate ukianguka unauokota, unaubusu, unaugusisha kwenye paji la uso, kisha unauweka mahali pa juu ambapo mguu wa mtu hautapita. Hilo sisi hatukufundishwa shuleni. Tulifundishwa na mama zetu, tena kwa makofi. Kwa hiyo nilipotaka kumpima kijana aliyekuwa anakuja kumposa Nazlı wetu, sikuhangaika kutafuta mtihani. Nilinunua simit moja ya moto, ule mkate wa duara uliojaa ufuta hadi ndani, nikapanda nayo feri.

Nazlı ni binti wa mdogo wangu Hikmet, ila aliyemlea ni mimi. Mama yake alifariki mtoto hajaanza hata kutamka maneno vizuri, na Hikmet, mtu ambaye hadi leo hajui chumvi inakaa kabati gani, akahamia kwangu Üsküdar, hapa Istanbul, yeye na mtoto na godoro lao. Mimi sikujaliwa wa kuzaa. Nikajaliwa huyo. Sasa ni mwanamke mzima, anafanya kazi kwenye duka la dawa, na siku alipotuambia kuna fundi wa miwani anaitwa Serhat ambaye wazazi wake wanataka kuja kuposa, Hikmet alikohoa, akatazama dari, akasema, "Dada akisema ndiyo, na mimi ndiyo. Akisema hapana, yameisha." Nazlı akanigeukia. Hakuwahi kunitazama kwa hofu namna ile, na sikupenda kuiona.

Wako watakaouliza, kwani kahawa haikutosha? Maana desturi ni hiyo: siku ya posa binti anampelekea kijana kahawa aliyoitia chumvi badala ya sukari, kijana anaimeza mbele ya wakwe bila kukunja uso, watu wanacheka, wanasema huyu ana subira. Subira gani? Kila kijana anajua kwamba siku hiyo kuna chumvi. Mtihani ambao majibu yake yamebandikwa ukutani si mtihani. Marehemu mume wangu Rasim aliinywa ya kwake hadi tone la mwisho, akatabasamu. Rasim huyohuyo, mbele za wageni, akiona chembe ya mkate kwenye zulia ataibusu. Wageni wakishavaa viatu na kuondoka, sahani zinaruka. Nyumba njema si mlango. Mimi niliingia ndani, nikakaa humo hadi Mungu alipomchukua mwenye nyumba. Sikutaka Nazlı naye aje kuyajua mambo akiwa ameshafungiwa mlango. Nilitaka kumwona kijana huyu mahali ambapo hajui kwamba anatazamwa na mtu wa maana.

Nazlı ananijua vizuri. Aliniweka chini jikoni akanishika mikono yote miwili, akaniapisha kwamba sitamfuata Serhat. Nikaapa. Na mimi nikiapa nimeapa. Lakini binti mwenyewe kwa miezi alikuwa amenisimulia, bila kuulizwa, kwamba Serhat hupanda feri ya asubuhi kutoka Kadıköy kwenda kazini, kwamba hukaa nje kwenye benchi la upande wa kushoto hata kukiwa na baridi, na kwamba hunywa chai huku upepo ukimpiga usoni kwa sababu eti ndivyo inavyonoga. Basi Jumamosi, siku moja kabla ya posa, nilipanda basi hadi Kadıköy, nikaingia kwenye feri mapema, nikakaa kwenye benchi la kushoto. Sikumfuata. Nilimtangulia.

Sikuwa na wasiwasi wa kutambuliwa. Picha sipigwi, kamera inanifanya nionekane nimekasirika hata siku niliyofurahi, kwa hiyo Nazlı hana hata moja ya kumwonyesha mtu. Hata hivyo nilijifunga skafu ya kijani na kuazima, bila kusema, miwani myeusi ya Hikmet. Ilikuwa kubwa. Kila baada ya muda ilishuka puani, nikawa naisukuma kwa kidole. Baridi ilikuwa ile ya Machi, inayopenya hadi kwenye fizi.

Serhat aliingia mbio wakati ubao wa kupandia unakaribia kuvutwa. Nilimjua kwa picha niliyoiona kwenye simu ya Nazlı, ingawa picha ilikuwa imemfanyia hisani. Masikio yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia. Lakini masikio si kosa la mtu. Akaja akakaa palepale nilipohesabia, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu, akatoa simit yake kwenye karatasi. Feri ikang'oka, shakwe wakatuandama.

Muuza chai akapita na sinia lake, akiyumba pamoja na meli bila kumwaga. Serhat akachukua glasi, akamwambia mikono yako ibarikiwe, na alimwambia hivyo huku akimtazama usoni. Nikaliweka hilo moyoni. Rasim alikuwa akiwashukuru wauza chai huku akitazama saa. Mimi nami nikachukua glasi yangu, nyekundu kama damu ya sungura, rangi ambayo chai inapaswa kuwa nayo, nikaweka kibonge cha sukari katikati ya meno kama tulivyolelewa kwetu Erzurum, nikaivuta chai kupitia humo. Kukoroga sukari ndani ya glasi ni mambo ya watu wa Istanbul.

Nilipopashika joto, nikamega kipande cha simit, nikakiachia. Kikaangukia karibu na kiatu chake.

"Mama, mkono umekuteleza," alisema, akiwa ameshainama. Akakiokota, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha nyuma yetu. Kisha akarudi kuitazama bahari kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo mtu mwenye akili timamu angemshukuru Mungu, akamaliza chai yake, akaenda nyumbani kukanda unga. Lakini mimi udadisi ukinishika unakuwa kama mwasho: ukijikuna mara moja tu, umejitafutia kazi. Kubusu mkate ni rahisi. Hata Rasim aliubusu. Nilitaka kujua mara ya pili itakuwaje, wakati adabu imeshaonyeshwa na mtu hana cha kuongeza.

Nikadondosha cha pili. Akaweka glasi yake chini, akainama, akafanya yaleyale. Nilitega sikio nisikie kama atashusha pumzi, maana wanaume wa aina fulani hushusha pumzi siku nyingi kabla hawajaanza kufoka. Hakushusha. Alitabasamu tu na kunipangusia ufuta kwenye mkono wa koti langu.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Nikadondosha cha tatu, na safari hii sikujali hata kujifanya mkono umeteleza; niliachia vidole wazi, nikimtazama kutoka nyuma ya miwani ya Hikmet nione uso wake utasema nini. Akaona. Aliokota, akabusu, akaweka ukingoni, lakini hakurudi kuitazama bahari. Alisogea akakaa kwenye ile nafasi iliyokuwa kati yetu.

"Bibi," akaniita.

Bibi. Muda si mrefu nilikuwa mama.

"Bibi, unaitwa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa jina. La kwangu ni Nebahat, na siku hizi si jina la kuokota kila kona. Nazlı lazima alikuwa ameshamtajia. Nikafungua mdomo, nikaufunga. "Jina langu," nikasema, na mbele ya hapo hapakuja kitu. Nikamwona uso unambadilika, kama mtu aliyekuwa anaogopa jambo na sasa amelikuta mlangoni.

"Haidhuru," akasema taratibu. "Unashuka wapi?"

"Kadıköy," nikasema, kwa kuwa ndilo lililotangulia kunijia ulimini. Kadıköy yenyewe ilikuwa nyuma yetu, inazidi kuwa ndogo.

Akaitazama Kadıköy, akanitazama mimi. Akaniuliza nyumbani yuko nani. Nikasema mdogo wangu. Akauliza kama anajua nimetoka. Nikasema hajui. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na kila ukweli niliousema ulizidi kunizamisha.

Ndipo aliponieleza habari za bibi yake mzaa mama. Alikuwa mwanamke mkali, alisema, mwenye akili kuwashinda wote nyumbani, hadi alipoanza kuficha mkate chini ya mito na kuudondosha kila alipopita. Mwishowe akatoka siku moja na ndara za nyumbani. Walimkuta kesho yake upande wa pili wa jiji, amekaa kwenye kituo cha basi, miguu imevimba. Alikuwa amewauliza watu njia mchana kutwa.

"Kila mtu alimwonyesha njia," Serhat akasema. "Hakuna aliyemshika mkono."

Hapo ndipo ningepaswa kuvua miwani na kucheka na kumwomba radhi, na jambo lingekwisha likiwa bado dogo. Sikufanya hivyo. Sitasema kwamba nilichanganyikiwa. Nilitaka kuona atafika wapi. Miaka yangu yote nimeona wanaume wema kwa dakika ya kwanza, na nilikuwa sijawahi kupata nafasi ya kumfuatilia mmoja hadi mwisho wa wema wake nione unaishia wapi.

Miwani ikashuka tena puani. Akaomba ruhusa, akaniondolea kwa vidole viwili, akatoa mfukoni bisibisi ndogo kama sindano, akakaza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akanivisha tena. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho kama mwari. Akasema miwani hii ni ya mwanamume. Nikasema ni ya mdogo wangu. Akatikisa kichwa kwa upole, vile daktari anavyotikisa kichwa akisikia lile alilolitegemea.

Kabla ya kushuka Eminönü, ng'ambo ya pili, alivikusanya vile vipande vitatu kutoka ukingoni, akavifunga kwenye karatasi safi, akavitia mfuko wa koti, ili mfagiaji asije akavisukumia baharini pamoja na vichungi vya sigara. Mimi nilidhani gatini nitapata upenyo wa kumkimbia. Alinishika kiwiko. Akampigia bosi wake kwamba atachelewa, na hata mimi niliyasikia maneno ya bosi yakitoka kwenye simu, kwamba dukani kuna watu tangu asubuhi na kama ana bibi wa kutembeza atembeze Jumapili. Serhat alisema atafidia jioni, hawezi kumwacha mtu, akakata. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akanigeukia akasema, bila kinyongo hata chembe, "Haya bibi, turudi nyumbani." Tukapanda feri ya kurudi Kadıköy.

Tulipokaa, alimwita muuza chai pembeni wakanong'ona. Mimi nikapewa glasi yenye maji ya manjano. Nikaitambua kabla sijaigusa. Ilikuwa chai ya pasha, ile tunayowapa watoto wanaojifunza kushika glasi: chai kidogo, maji ya baridi juu yake, mtoto asiungue ulimi. Mimi, ninayekunywa chai nyekundu tangu mama yake Serhat hajaota meno. Nikaipokea. Nikasema asante mwanangu. Nikauma kibonge cha sukari kwa mazoea, kwa sababu hapakuwa na faraja nyingine, nikaivuta ile aibu kupitia humo. Naye akamega simit yake, akanipa pande kubwa, akanishikilia kifundo cha mkono hadi vidole vyangu vilipofumba, ili nisiangushe.

Hapo moyo wangu ulishamwoza Nazlı. Nilikuwa nimeona vya kutosha. Nikaanza kupanga namna nitakavyomponyoka Kadıköy, nirudi kwangu, nitamke ndiyo yangu kesho, na mtu asijue kamwe. Ndipo aliposema atampigia mchumba wake, yuko kwenye duka la dawa, anajua la kufanya na wazee waliopotea.

Nikamwambia asimsumbue msichana wa watu kazini. Akanipapasa mkono akasema Nazlı hasumbuki.

Nilisikia upande wake tu wa mazungumzo. Kwamba yuko na bibi mmoja kwenye feri, hajui jina lake. Kwamba amevaa skafu ya kijani na miwani ya kiume. Kwamba ameudondosha mkate mara tatu, wa mwisho kabisa akiwa anamtazama. Kisha Nazlı akamuuliza kitu, na Serhat akageuka akanitazama mdomo.

"Chai anakunywa vizuri tu," akasema. "Hakorogi sukari. Anaiuma, anaivuta chai juu yake, kama watu wa Erzurum."

Shakwe mmoja alikuwa anakwenda sambamba nasi, ananitazama kwa jicho moja. Serhat akaitoa simu sikioni akaiangalia, akanikabidhi. "Anasema nikupe wewe," akasema, naye anashangaa.

Nazlı hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Shangazi," akasema. "Umeshiba kuona?"

"Mwanangu, sikumfuata. Nilimtangulia."

Nikasikia kengele ya mlango wa duka la dawa, mtu anaingia, anasalimia, hajibiwi. "Mwambie wewe ni nani," Nazlı akasema. "Kwa mdomo wako. Mimi sikusaidii." Akakata.

Nikamrudishia kijana simu yake. Nikavua miwani. Macho ya Nazlı na yangu ni mamoja, kila mtu anasema, na nadhani aliyaona kabla sijatamka.

"Mimi ni Nebahat," nikasema. "Shangazi yake."

Masikio ndiyo yaliyotangulia kuiva. Kisha shingo. Nilisubiri afoke, ningemstahi zaidi, tena nilistahili kufokewa. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hukupotea."

"Sikupotea."

"Na jina ulikuwa unalikumbuka."

"Nilikuwa nalikumbuka."

Akakaa akiitazama glasi yangu ya chai ya watoto. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile karatasi, akaifungua magotini. Vipande vyangu vitatu vilikuwa humo, ufuta umedondoka pembeni.

"Ungedondosha leso, shangazi," akasema. "Ungedondosha hata mkoba, ningeuokota. Lakini mkate?"

Mimi ni mtu wa majibu. Hikmet husema nitaenda kumjibu malaika kaburini kabla hajauliza. Siku ile nikabaki nahesabu ufuta kwenye karatasi. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwenda kumtafuta asiyeuheshimu mkate, na kwenye feri nzima aliyeutupa chini alikuwa mmoja, tena aliutupa mara tatu, naye alikuwa mimi, binti wa mama yangu. Niliona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nikavichukua vile vipande, nikabusu kimoja kimoja, nikavigusisha kwenye paji la uso, nikavirusha juu kwa shakwe, maana kumlisha ndege ni thawabu. Hakuna hata kimoja kilichofika majini. Serhat alikuwa anatazama upande mwingine, na nilimshukuru kwa hilo.

Kadıköy ubao ulikuwa umelowa. Akanishika kiwiko vilevile kama alivyonishika nilipokuwa bibi aliyepotea, akasema niangalie hapo, panateleza. Hakusema tutaonana kesho. Akageuka akaingia foleni ya feri ya kurudi kazini, na mimi nikabaki gatini na miwani ya Hikmet mkononi, imekazwa sawasawa.

Nazlı alirudi jioni akala akiitazama sahani, akaenda kuosha vyombo. Hikmet alipomaliza supu yake akaniuliza kama nimeshafikia uamuzi kuhusu yule kijana. Nikamwambia kijana ni mzuri kuliko tunavyostahili. Akasema basi vizuri. Nikamwambia si vizuri, kwa sababu nina hakika hatakuja. Nilisema kwa sauti ili Nazlı asikie jikoni. Maji ya bombani yalikatika kidogo, yakaendelea.

Jumapili niliamka nikapika kwa ajili ya wageni ambao sikuamini kama watafika. Nilikunja majani ya mzabibu, nikaoka maandazi ya jibini, nikasugua hadi miguu ya viti. Nazlı alivaa gauni la bluu bila kuniuliza kama linamkaa. Tangu apate kimo cha kufikia kioo, hakuwahi kuvaa bila kuniuliza. Nilijiambia kwamba kama kijana huyu asipogonga mlango ule, nitakuwa nimemfanyia mtoto niliyemlea kile ambacho hata Rasim hakuwahi kunifanyia mimi, na nitakuwa nimekifanya kwa mapenzi.

Wakagonga. Mama mtu mbele, mnene, mcheshi. Baba mtu na tai iliyomkaba. Na nyuma yao Serhat na maua na sanduku la chokoleti. Akambusu Hikmet mkono, akaja kwangu, akaushika wangu, akaubusu, akauinua hadi kwenye paji la uso.

"Nimefurahi kukufahamu, shangazi," akasema, mbele za watu.

Nikasema karibu mwanangu, nikaona mama yake anafurahi kwamba nimeshamwita mwana.

Wazee wakazungumza habari za barabara, za baridi, za magoti. Kisha Nazlı akaingia na kahawa, kila kikombe na glasi yake ndogo ya maji. Mama mtu akampiga mumewe kiwiko, wakamkodolea Serhat macho, maana hapo ndipo kijana anapokutana na chumvi yake. Nami pia nilimtazama. Akakaza taya, akapiga funda, akasita. Nyusi zikapanda. Akaangalia ndani ya kikombe kama mtu aliyetegemea shimo akakanyaga sakafu.

"Vipi, imekolea?" mama yake akamuuliza, ameshaanza kucheka.

"Imenoga," Serhat akasema, na wote wakaangua kicheko, wakamsifu kwamba ana moyo.

Nikainua kikombe changu nami, nikanywa.

Hikmet hajui chumvi inakaa kabati gani. Nazlı anajua, nilimwonyesha mwenyewe. Na hakuipima. Funda la kwanza lilikuwa chumvi tupu. Nikainua macho. Nazlı alikuwa amesimama mlangoni, sinia ameliegemeza kifuani, ananitazama mimi, si kijana. Hakuwa na hasira tena usoni. Alikuwa na udadisi, na udadisi ule niliutambua, ni wangu, alinyonya kwangu pamoja na mengine yote. Alitaka kuona nitafika wapi.

Wageni walikuwa wanaongea. Hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa yeye. Nikanywa funda la pili, na la tatu, taratibu, kama mtu anayefurahia, uso wangu umetulia kama ukuta. Nikanywa hadi machicha. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilipokiweka kikombe kwenye kisahani nilimwona Serhat amekoma kuzungumza. Alinitazama, akamtazama Nazlı, akaangalia kikombe chake kitamu, na nikaona anaelewa.

Baba mtu akakohoa, akalegeza tai, akasema yale maneno tunayosema, kwamba kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume wake wamekuja kumwombea mtoto wao Serhat mkono wa binti yetu Nazlı. Hikmet akatazama dari. Kisha akanigeukia.

"Dada, unasemaje?"

Ulimi wangu ulikuwa umekauka umegandamana na kaakaa. Glasi yangu ya maji Nazlı hakuniletea. Sasa ndipo nilipoona kwamba kwenye kisahani changu haikuwepo. Kutoka upande wa pili wa meza Serhat akaisukuma ya kwake, ikaja ikasimama mbele ya vidole vyangu.

Sikuigusa. "Mpeni," nikasema. "Na mimi nampa." Ndipo nikanywa.